Udongo wa Ukoo Hauna Saini ya Mtu Mmoja

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kifua kilichokusumbua tangu masika kimepoa? Huku Ujerumani baridi inanitoa machozi, lakini mimi mzima, nakula na ninasoma.

Mama, ule udongo mweupe wa shamba letu la Mlali, ulioniruhusu nije nao kidogo, umenipa jina huku. Tuliufinyanga kuwa matofali, tukayachoma kwenye joto la kuyeyusha chuma, wala hayakupasuka. Maabara yetu ina Mhindi, Mkorea na Mbrazili, kila mmoja na udongo wa kwao, na siku hiyo wote walikuja kuangalia wa kwetu. Nilijivuna, sikufichi.

Basi profesa wangu akaleta mkataba. Kampuni inayomsaidia ingechimba na kusafirisha udongo, na utafiti wote ungebaki huku. Mimi nitie saini kama mwenye shamba. Nikamwambia siwezi, kwa sababu kwetu Uluguru ardhi ni ya ukoo, na ukoo unafuata upande wa mama. Akacheka, akadhani natafuta bei. Nilichukia sana.

Hapo alikuwepo mgeni wetu kutoka wizarani Dar, mzee wa makamo. Akanivuta pembeni.

“Binti, usituharibie. Siku hizi milango iko wazi. Ukiwawekea masharti, wataenda kwa wenzetu.”

“Mzee wangu, mlango kuwa wazi hakumzuii mgeni kupiga hodi,” nikamjibu. “Na mkono mtupu haulambwi. Wakitaka udongo, tanuru la majaribio lijengwe Morogoro, na vijana wetu wafundishwe kulitumia. Tukiuza udongo tu, kesho tutanunua matofali yetu wenyewe kwa bei ya meli.”

Nilijua ninacheza na masomo yangu, maana anayenilipia ni kampuni hiyohiyo, na usiku ule sikupata lepe la usingizi. Lakini kwenye kikao cha wiki iliyofuata ni yeye mzee aliyesimama na kusema kwamba serikali nayo inataka tanuru liwe nyumbani. Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho profesa na kampuni wakakubali, mkataba ukaandikwa upya.

Nafasi ya saini iko wazi bado. Watakuja Mlali baada ya mavuno kukuomba wewe, dada zako na Mjomba Kasiani anayeusemea ukoo. Usinionee huruma kwa ajili ya masomo. Mkiona haifai, semeni hapana, nami nitapanda ndege nirudi kulima maharage bila kinyongo.

Nisalimie bibi mzaa mama, dada Agata na wanawe, na padri wetu wa misheni.

Profesa ameuliza mara mbili wiki hii kama umejibu. Nimemwambia mama yangu hakimbizwi.

Mwanao akupendaye,
Felista