Ligi Imenipa Mpira wa Kwanza, na Mimi Nikakubali

Mpendwa Bi Remedios, naomba unisaidie kabla ya Jumapili maana nimefanya jambo linaloninyima raha. Mimi ni mshonaji hapa Tuxpan, na tangu utotoni naishangilia timu yetu ya besiboli, Korongo, kwani marehemu baba ndiye aliyekuwa akifyeka nyasi za uwanja ule. Mwishoni mwa Januari mrushaji wetu nyota, Ulises Barradas, alimpiga mkewe Nereida mpaka akamvunja taya, na Nereida ni binti yangu wa ubatizo, mimi ndiye niliyembeba mbele ya padri, sasa anakunywa supu kwa mrija, na Ligi ya Ghuba ikamfungia yule mwanamume mechi mbili, mbili tu, Bi Remedios, wakati mwaka jana mwenzake alifungiwa kumi kwa kumtukana mwamuzi!

Basi nikawakusanya wanawake wa jukwaa la tatu, tukakubaliana kususia: hatuingii uwanjani, hatuvai kofia za timu, na ile bia inayodhamini ligi haikanyagi majumbani mwetu hata kwenye sherehe. Mume wangu Chema akacheka, akasema, "Eulalia, unadhani ligi itakufa kwa sababu wewe hujala karanga jukwaani?" Wanaume wa sokoni wakanibatiza Kamishna wa Sketi. Lakini kufika wiki ya tano jukwaa la tatu lilikuwa tupu, televisheni inaonyesha viti tu, na mwenye duka la kona akaacha kuagiza ile bia.

Jumanne akaja bwana mmoja wa ligi, kavaa suti, ana maua na kofia ya timu ya rangi ya waridi, akasema, "Bi Eulalia, Jumapili tunawaenzi wanawake. Tunaomba wewe ndiye urushe mpira wa kwanza, ule wa heshima kabla ya mechi." Nikamuuliza, "Na Barradas?" Akatazama viatu vyake. "Ndiye anayeanza. Adhabu yake imekwisha." Nilipaswa kumtoa mbio na maua yake, ila nilimkumbuka baba na fyekeo lake, mdomo wangu ukasema ndiyo. Wenzangu hawajui, Nereida hajui. Chema anasema niende tu, ligi haitikisiki kwa akina mama. Ni kweli? Na nikienda, si itasaidia hata kidogo?

Eulalia, Tuxpan

Eulalia,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama kwa hasira. Kuupenda uwanja wa baba yako si kosa, hilo nakuelewa. Lakini ukishatoka pale katikati, mpira utashikwa na nani? Na mkono uleule uliovunja taya! Nereida atakuwa mbele ya televisheni na mrija wake, anamwona mama yake wa ubatizo akipunga mkono. Hilo ulilifikiria, au uliona nyasi tu?

Mumeo anasema ligi haitikisiki. Mwulize: yule bwana wa suti alipotea njia? Miaka yote uliyoshangilia, nani alikuletea hata ua moja? Wamekuja kwa sababu viti vitupu vinaonekana na wenye bia wameanza kuuliza maswali. Sikudanganyi, migomo mingi ya namna hii hufa. Hufa hivihivi, kiongozi akivishwa kofia.

Sasa sikiliza. Leo hii nenda kwa Nereida umweleze mwenyewe, asisikie redioni. Akikufukuza, vumilia. Halafu waite wenzako, ukiri ulikosea. Kofia irudishe na barua yenye dai moja tu: kanuni iliyoandikwa kwamba mchezaji anayempiga mkewe hachezi msimu mzima. Nakala ifike kiwanda cha bia, maana ligi humsikia anayeilisha kabla ya anayeishangilia. Jumapili simameni nje ya lango, kimya, mpaka mechi iishe. Na Chema mpe chaguo: asimame nawe au ajipikie.

Nyongeza: Kwa kuwa Jumapili i karibu, jibu hili nilimtumia Eulalia mapema, naye akanipigia simu Ijumaa, gazeti likipangwa. Kofia imerudishwa. Wenzake wawili walimtukana, ila wakabaki kwenye mgomo. Ligi haijajibu lolote. Nereida, ambaye taya lake bado limefungwa kwa waya, alisikiliza mpaka mwisho, akachukua kalamu, akaandika: "Jumapili nakuja langoni. Wanitazame uso."

Nami nitakuwepo.

Remedios