Mioyo Mitatu Chini ya Mgomba

Jumapili, 6 Aprili 1975

— na bado nasema majani haya ni mazuri! Bi Sitara na aseme atakavyo. Nyumba ni yake, lakini macho ni yangu. Kila jani ni mioyo mitatu iliyoungana kwenye ncha. Na ua lake! Rangi ya waridi, dogo kama kifungo cha blauzi. Yamejiotea yenyewe uani, chini ya mgomba wetu. Nimeuliza wapangaji wote, hakuna anayeyajua jina.

Tarsis amechuma ua moja akanichomeka nywelani. Eti moyo wa kwanza wake, wa pili wangu, wa tatu bado unatafutwa. Mume gani huyu! Siku nyingine nikimsubiri atoke bandarini naona saa imekufa.

Mgomba huo tulipewa na Mama Mkwe siku tulipoaga kijijini Kilema. Aliung'oa mwenyewe kihambani, shamba la ukoo, akauacha na udongo wake ili usishtuke na joto la Dar es Salaam. Tarsis aliupakata basi zima kama mtoto. Mama alisema neno moja tu: chini yake ndipo kitakapofukiwa kitovu cha mjukuu wangu. Na watoto wake wote vitovu vyao viko migombani.

Nilicheka kwa haya. Sasa sicheki. Nautazama kila asubuhi.

Jumatano, 9 Aprili

Mioyo imeingia kwenye mchicha wa Bi Sitara. Mwaka huu wa kampeni ya kilimo cha kufa na kupona kila mtu analima, na mjumbe wa nyumba kumi anapita kukagua. Mchicha huo ndio mboga ya nyumba nzima. Nimeitwa.

"Bi harusi, njoo uone maua yako yanavyonilia chakula."

Nimesema shikamoo. Marahaba hiyo ilikuwa fupi!

Nimeazima jembe nikalima matuta yote, kwa nguvu, mpaka udongo ukawa laini kama unga. Hakuna jani lililobaki. Tarsis amerudi akapiga mluzi. Kumbe nimeoa mkulima! Nimelala mikono inawaka, nina furaha.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua siku tatu. Leo jua.

Yamerudi! Palipokuwa na moja yapo kumi. Yamejipanga mstari, yanafuata njia ya jembe langu! Yapo mpaka kwenye bomba, mpaka chini ya asumini ya Bi Sitara.

Nimechukua kijiko nikachimba moja polepole. Chini kuna kitunguu kidogo, na kitunguu kimezungukwa na vitoto kama punje za mchele. Ukigusa tu vinamwagika. Nimekaa palepale nikakumbuka darasa la bayolojia, sista akichora kitunguu ubaoni. Nilipata alama nzuri! Na juzi nimevipanda kwa mikono yangu, punje kwa punje, nikadhani napalilia.

Nikafuata vinakotoka. Vinazidi, vinazidi — hadi kwenye mgomba. Katikati ya mizizi, ndani ya ule udongo mwekundu wa Kilema, vimejaa kama dagaa.

Sisi ndio tuliovileta. Tarsis amevipakata!

Alhamisi, 17 Aprili

Nimemwambia Bi Sitara kweli yote. Bora anisikie mimi kuliko agundue. Amenitazama, akamwita binti yake Zamda aje asikie.

"Wachagga nyie, maduka ya Kariakoo mmeshika. Soko jipya halijaisha kujengwa, mshapanga foleni. Sasa na uani kwangu?"

Zamda alicheka mpaka akashika ukuta. Bi Sitara hakucheka. Gugu litoke, na mgomba unaolifuga utoke, ama tutoke sisi. Mwisho Jumapili.

Jioni nikamweleza Tarsis. Ndiyo mara yetu ya kwanza kugombana! Hakupaza sauti — afadhali angepaza. Alisema tu, nitamwambia Mama nini? Nimeutupa jalalani? Nikamwambia kitunguu kimoja kikibaki mzizini yote yanarudi. Akasema mimi ndiye niliyelima na jembe. Kweli. Lakini mbona aliseme?

Amelala ameelekea ukutani. Baadaye mkono wake ukanitafuta. Sikuusogeza, ila sikulala pia.

Ijumaa, 18 Aprili

Aibu! Nilikuwa nang'oa yale ya bombani. Jani moja nikalitia mdomoni. Chachu tamu, kama ukwaju mbichi! Nikala jingine. Nikala konzi nzima. Kugeuka — Bi Sitara mlangoni, mkono kiunoni.

"Yarabi! Kumbe analima shamba lake!"

Akaniuliza siku zangu. Nikahesabu. Nikahesabu tena. Machi nzima sijaona kitu, nikadhani ni joto na unga wa yanga, huu wa mahindi ya njano!

Akanikalisha kwenye mkeka, akanipa embe mbichi na chumvi. Nikadhani sasa atatuachia mgomba. Wapi!

"Mtoto karibu. Gugu mwiko."

Sijamwambia Tarsis. Siwezi kumwambia halafu nikautupa mgomba. Na siwezi kuutupa mgomba halafu nikamwambia. Nimezunguka chumbani hata mswaki sijui nimeuweka wapi.

Jumapili, 20 Aprili

Baada ya misa hatukwenda kutembea Mnazi Mmoja. Tumechimba.

Nilimwambia Tarsis hatuutupi, tunauvua nguo. Tumeung'oa na udongo wake wote, bila kuukung'uta, tukautua juu ya gunia. Mizizi nimeikata yote kwa kisu. Kile kichwa cha chini nimekimenya kama mhogo mpaka kikawa cheupe. Majani tumekata. Kimebaki kijiti! Tarsis alikuwa anatazama pembeni, kama mtu anayeona ndugu yake akipasuliwa.

Na udongo? Jalalani hapana, utaota kwa watu. Tukatandika bati juu ya mafiga, tukawasha moto, tukaukaanga. Kwa mwiko! Unanukia mvua ya nyumbani, kisha unanukia vumbi. Vile vitunguu vikawa vinapasuka, pa! pa!, kama bisi. Zamda akaita jirani juu ya ukuta: njooni muone, Wachagga wanakaanga udongo, kweli unga umewaishia!

Hapo ndipo nilipomwambia Tarsis. Mwiko mkononi, moshi machoni. Nimesema, moyo wa tatu umepatikana.

Aliketi chini. Kwenye tope, na suruali ya misa!

Udongo ulipopoa tumeutia kwenye debe lenye matundu, tukapanda kijiti chetu humo. Juu ya jiwe, mbali na mchicha. Bi Sitara amelizunguka debe kama mkaguzi. Kisha akarudi ndani, hajatufukuza.

Jumatano, 23 Aprili

Hakuna jani. Kijiti kimesimama tu, ncha imeingia kahawia. Nimekibonyeza asubuhi — kigumu. Mchana — kigumu. Tarsis ananikataza, eti nitakiua kwa kukipenda. Naye nimemsikia alfajiri akinong'ona huko kwenye debe!

Kwenye mchicha imetoka mioyo miwili. Nimeichimba kwa kijiko na udongo wake, taratibu. Jani moja nimekula. Mengine motoni.

Saa kumi akapiga hodi Isidori, binamu yake Tarsis, aliyeshusha vitunguu sokoni. Lori lake linarudi Moshi leo leo. Ana neno kutoka kwa Mama: ameota mgomba wake, hana raha. Anauliza aje sasa hivi, ama asubiri mvua zikatike, mwezi wa sita?

Mwezi wa sita jani litakuwa limetoka. Au kijiti kitakuwa kimeoza, nasi tumeshapata maneno ya kusema. Tarsis yuko kazini. Isidori anatazama saa, ufunguo unacheza kidoleni. Nimeenda uani, nimebonyeza tena. Bado kigumu.

Nimerudi nikamwambia, mwambie Mama asisubiri. Aje aukute ulivyo, nasi tulivyo. Aje kabla mwezi haujaisha.