Somo Wako Amekula Samaki

Temeke, Dar es Salaam
Jumapili, mvua imekatika asubuhi hii

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuamkia nikiwa nimekaa barazani, miguu mchangani, na kila nikifumba macho nakuona umeinama zizini unakamua, ndama anakusukuma mgongoni. Je, goti la kushoto limeacha kuuma? Yule ng'ombe mwekundu amezaa? Sisi watatu tu wazima. Mume wangu yuko kule kule karakana ya reli, anarudi na masizi hadi masikioni. Somo wako Nyemo naye ni mzima, lakini kwake nitakawia kidogo, maana barua hii ni yake.

Kaka, wewe unayemsomea mama, nakuomba usiruke mahali. Nakujua. Ukifika penye jambo zito hukohoa ukageuza ukurasa. Leo soma kila neno kama lilivyo.

Mama, kile kibuyu kidogo ulichomtengenezea Nyemo alipozaliwa, ukakifukiza moshi, ukampa mtu wa treni atuletee, tulikitundika ukutani juu ya kitanda. Hakijapata kutiwa maziwa hata siku moja. Maziwa ya huku huja yamejaa maji, tena si kila siku. Basi mchana, mtoto akilala, nilikuwa nakitungua nikaingiza pua kwenye mdomo wa kibuyu. Moshi wako ulikuwa bado umo. Nikiuvuta, Temeke yote inatoweka na minazi yake, nami nimelala chali juu ya paa la tembe letu, uwele umeanikwa kando yangu, na chini nakusikia ukisukasuka maziwa taratibu, taratibu. Uji umeniungulia mara nyingi nikiwa huko juu ya paa.

Labda ndoto hizo ndizo zilizonipumbaza. Mwenye nyumba wetu, Bi Zuhura, mtu wa pwani hasa, alinifundisha kukuna nazi na kukamua tui. Tui ni jeupe, zito, na likikaa linaota utando juu kama maziwa yako. Nililitazama, moyo ukatulia. Nikasema, haya ndiyo maziwa ya huku. Nyemo alipoacha ziwa nikampa uji wa tui asubuhi, wali wa tui mchana, na jioni tui tena. Mashavu yakajaa, nikajisifu. Kisha ngozi ikaanza kukauka na kupasuka nyuma ya magoti, nywele zikawa nyepesi, na mtoto aliyekuwa ameanza kusimama akarudi kukaa. Akawa ananitazama tu, hacheki. Hapo niliogopa, mama. Niliogopa sana.

Nikampeleka zahanati. Dresa, yule mtoa dawa wa pale, kijana mpole mtu wa Songea, akamtazama mbele na nyuma, akanipa chupa ya mafuta ya manjano. "Kijiko kimoja kila asubuhi," akasema, nami nikaitikia huku nimeshajua la kufanya. Mafuta ya mtoto hupakwa. Ndivyo ulivyotulea sisi kwa siagi. Kesho yake nikampaka kijiko kizima kuanzia utosini. Mama, paka wa Temeke wote walihamia kwetu! Mmoja akamlamba Nyemo mguu, mwingine akalala juu ya nepi zake. Bi Zuhura akatoka chumbani amejiziba pua kwa khanga.

"We Mama Nyemo, mbona mwanao ananuka nguru?"

Nikamwonyesha chupa. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Haya mafuta ya samaki, mwanangu! Ya kunywa haya. Mie wangu wote watano nimewanywesha."

Yeye alicheka, mimi nililia. Nilimwosha Nyemo maji matatu. Tangu mdogo ulinifundisha kwamba aliyeonja samaki hagusi kibuyu cha nyumbani, ng'ombe watakauka, na mimi nilikuwa nimempaka samaki mtoto mwenye jina lako.

Nikairudisha chupa zahanati. Dresa hakunikasirikia. Aliniketisha, akaniuliza mtoto anakula nini, nami nikamwambia habari za tui.

"Mama," akasema, "yapo mafuta ambayo mwili unajitengenezea wenyewe, na yapo usiyoweza kuyatengeneza. Hayo sharti yaingie kwa mdomo. Kwenu mlikuwa mnayapata kidogo kwenye maziwa, kidogo kwenye karanga, kidogo kwenye majani. Hapa umeshika tui peke yake, na ndani ya tui hayo ni haba mno. Mpe ufuta, mpe mboga, mpe na samaki mwenye mafuta, kibua kwa mfano. Usizidishe kimoja ukasahau kingine."

Nikamwambia sisi hatuli samaki. Akasema, "Basi uamue wewe. Kazi yangu mimi ni kukwambia."

Mume wangu nilipomweleza, alikitazama kibuyu kwa muda mrefu. "Mtoto alishwe," akasema. "Ila kumwambia mama yako, mimi simo." Ndiyo maana unasomewa maneno yangu wala si yake.

Bi Zuhura akatuchemshia vibua kwa ndimu na chumvi, akachambua miiba kwa vidole. Nyemo akafungua kinywa. Mara ya pili akakifungua kabla hajaletewa. Nilikaa namtazama, nikawaza kwamba kuanzia siku ile mwanangu ni miongoni mwa wasiogusa kibuyu, na yuko peke yake. Sikuweza kuvumilia. Nikanyoosha mkono nikala na mimi. Mama, nimekula samaki. Ni laini, na nilitafuna huku nalia, Bi Zuhura akadhani ni ndimu.

Sasa tui tunalipika siku mojamoja. Naponda ufuta nautia kwenye mchicha, na vibua tunakula mara mbili kwa juma. Ngozi ya Nyemo imelainika, nywele zinarudi, na kucheka amerudia. Juzi alishika ukuta akapanda kitandani, akasimama chini ya kibuyu, akainua mikono nimpe. Sikumpa. Nilimwambia hicho ni cha bibi, tumwulize kwanza.

Basi nauliza. Baada ya mavuno mume wangu atapata likizo, tutapanda treni kuja. Kibuyu nakirudisha kwako kwa mkono wa huyu anayeleta barua. Tangu samaki aingie nyumbani sijakishika ila kwa kitambaa, wala sijakinusa tena. Kiko kama ulivyokituma.

Nisalimie shangazi, mwambie makaripio yake nimeyakumbuka. Msalimie baba mdogo huko machungani, na wifi yangu anayekutekea maji. Na wewe kaka, ahsante kama kweli hukuruka.

Mama, usinijibu kwa barua, maana kaka atatia utamu wake. Siku ya kufika kwetu nitakutumia habari kwa mtu wa treni; njoo stesheni siku hiyo. Ukikubali somo wako anywe kwako, njoo na kibuyu kina maziwa. Usipokubali, njoo hivyo hivyo, nitakuamkia vile vile. Ila unisamehe jambo moja: treni ikisimama, nitatazama mikono yako kabla sijatazama uso wako.

Mimi mwanao, mama wa somo wako,
Perusi