Kumwosha Opio

Baba mpendwa,

Shalom kwako na kwa Mama. Magoti yake yanaendeleaje na baridi ya huko? Paa la sinagogi mliliziba kabla ya mvua, au bado mnasali mkihamisha viti? Mimi ni mzima wa mwili. Nimekaa kimya tangu sikukuu kwa sababu sikuwa na habari ya kukufurahisha, na kukudanganya siwezi.

Opio amekufa. Ni yule Mganda wa Tororo niliyekueleza, mlinzi mwenzangu, aliyelala kitanda cha chini yangu. Mwezi wa saba alianguka kwa joto akilinda geti la jengo mjini Lusail, hapa ugenini. Hospitali ilimrudisha chumbani akiwa amepooza upande mmoja, angoje karatasi za kusafiri kurudi kwao. Tuko sita chumbani. Zamu yangu huanza saa nane mchana, kwa hiyo wenzetu wakishapanda basi asubuhi tulibaki wawili. Ikawa ni mimi wa kumwosha, kumgeuza na kumlisha uji.

Baba, nilifanya yote, ila kwa kisirani. Nilisugua harakaharaka bila kumtazama usoni. Nilijiambia kumtunza mgonjwa ni amri, nami nimeitimiza, Mungu anataka nini zaidi? Asubuhi moja akanishika kwa ule mkono wake mzima.

"Simeoni," akasema, ulimi mzito, "usinioshe kama sufuria."

Nilitoka nikakaa kwenye ngazi. Nilikumbuka ulivyonikemea siku ile niliyonuna nikiwanawisha wageni mikono. Uliniambia nimewapa maji tu, mimi mwenyewe sikuwapo.

Kesho yake nilisimama kwanza kando ya kitanda, kama tunavyosimama kabla ya kutimiza amri. Sijui kama kuna baraka iliyowekwa kwa kazi hii, hivyo nikatumia maneno yangu.

"Unasema nini?" Opio akauliza.

"Namshukuru Mungu kwa kunipa nafasi ya kukuosha."

Akacheka kwa nusu ya mdomo. "Basi huyo Mungu wenu ana utani."

Tangu hapo tulizungumza. Alinielekeza namna ya kumnyoa bila kumkata, akanigombeza nikizidisha sukari kwenye uji. Nikawa naamka na hamu ya kuanza. Hapa siku zangu ni geti na jua, na Sabato yangu inaliwa na zamu. Kazi ya kumtunza ndiyo pekee niliyojua naifanya kwa nini.

Karatasi zilicheleweshwa wiki baada ya wiki. Zilipotoka, Opio alikuwa na siku mbili tangu afe.

Nilimwomba mhudumu wa chumba cha maiti, mzee mmoja Msudani, aniruhusu nimwoshe.

"Ni ndugu yako?"

Nikasema ndiyo. Akanipa glavu, akasimama kando. Nilimfunika shuka, nikawa namfunua na kumwosha sehemu kwa sehemu kama mlivyonifundisha tulipomwosha Babu, kisha nikamwita kwa jina na kumwomba msamaha kwa zile asubuhi za kwanza. Hapo ndipo nilipolia. Na katikati ya kulia, Baba, nilikuwa na furaha. Sijamwambia mtu mwingine.

Mama yake Opio alisikia ni mimi niliyemwosha, akanipigia simu. Hakuuliza habari za kampuni wala fidia. Aliuliza, "Maji yalikuwa baridi?"

"Hapana, Mama. Yalikuwa vuguvugu."

"Asante, mwanangu."

Kitandani kwake wameshaleta mtu mwingine. Bado sijaweza kumsalimia vizuri.

Nisalimie dada Rebeka na mumewe, na shangazi Lea anayewaokea mkate wa Sabato. Sabato hii mtajeni Opio katika sala, ingawa hakuwa wa imani yetu. Jina la baba yake, tunalomtajia marehemu, sikuwahi kumuuliza. Mtajeni kwa la mama yake: Opio wa Athieno.

Mwanao akupendaye,
Simeoni