Watoto Ishirini wa Wekesa

Kangle, Guangzhou
20 Septemba 1998

Mama yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limepoa na mahindi yameanza kukauka shambani. Mimi ni mzima, ila jasho tu. Huku Septemba bado ni joto la jikoni.

Mama, cheti cha uuguzi ninacho. Miaka mitano, mmoja wa kujifunza lugha yao na minne ya chuo na wodi, imeishia kwenye kitabu chekundu chenye picha yangu nikiwa nimekodoa macho. Hiyo ndiyo habari njema. Nyingine ni kwamba sitakuja mwezi ujao kama nilivyokuahidi.

Nililiandikia baraza la wauguzi Nairobi kuomba leseni ya kufanya kazi nyumbani. Wamejibu kwa heshima zote: masomo yangu wameyakubali, isipokuwa sina ukunga. Huku muuguzi ni muuguzi, mkunga ni mkunga, kila mmoja na chuo chake. Kwetu wanataka yote mawili. Kwa hiyo, kabla ya kuniruhusu kufanya mtihani wa Machi, lazima nizalishe watoto ishirini kwa mikono yangu, kila mmoja ashuhudiwe na mkunga mwenye leseni na kutiwa sahihi. Fomu zinafungwa tarehe kumi Februari. Nikikosa, nirudi chuoni mwaka mmoja na nusu.

Nimemwendea Matroni Liang, mkunga na msimamizi wa wodi ya wazazi katika hospitali moja ndogo karibu na hapa. Alicheka mpaka akavua miwani. "Wekesa, hata baba za watoto hawapiti mlango ule. Wanangoja nje na chupa zao za supu." Nilipozidi kuomba akasema "mei you", neno la wenye maduka wa huku: hakuna, nenda zako.

Nakuomba, mama, uende Nairobi ukawaeleze. Mimi ni mwanamume. Pengine watanisamehe ukunga.

Mwanao,
Wekesa


Kimilili
18 Oktoba 1998

Mwanangu Wekesa,

Milele amina. Sisi wazima, ni goti langu peke yake linalojiona mzee. Shangazi zako wanakusalimu na kuuliza kama unakula ugali.

Nairobi nimeenda. Nilikaa kwenye benchi tangu asubuhi, nikaitwa na karani mmoja mtu mzima, jina lake Kalista. Nikamweleza kwamba mwanangu ni mwanamume na China wanaume hawaingii leba. Akanitazama juu ya karatasi zake. "Mama, hapa wanaume wanazalisha. Mtoto wangu wa pili nilizalishwa na mwanamume, na sijaona mtu mpole kama yule. Mwambie aache visingizio."

Alisema kweli, nami nilikuwa naijua.

Sasa nisikilize. Sijawahi kukuambia, kwa sababu bibi yako aliona ni aibu akaniapisha nisiseme. Wewe ulikuja ukitanguliza miguu. Wakunga wawili wa kijiji walishika vichwa. Ulikuwa wakati wa kuvuna, watu wote wako mashambani, na aliyepatikana ni Barasa, dresa wa misheni, aliyekuja kufunga watu vidonda. Alinawa mikono akaniambia, "Mama, mimi naogopa kama wewe. Basi tuogope pamoja, lakini kazi tutaifanya." Ukatoka wa rangi ya zambarau, ukalia. Barasa angesema mimi ni mwanamume sijui mambo hayo, leo ningekuwa namwandikia nani?

Rudi kwa huyo matroni. Msomee barua hii.

Mamako


Guangzhou
6 Desemba 1998

Mama mpendwa,

Nakusalimu nikiwa na furaha leo. Afya yangu ni nzuri. Baridi ya huku si kali, ila ina unyevu, inakufuata hadi ndani ya blanketi.

Nilimsomea Matroni Liang barua yako neno kwa neno, kwa Kichina changu cha kuungaunga. Tulipofika kwa Barasa akaniambia nirudie. Kisha akasema, "Kila mama lazima akubali. Na mama mkwe wake akubali. Huyo wa pili ndiye kazi."

Siku kumi na mbili hakukubali hata mmoja. Nilipiga deki, nikabadilisha mashuka, nikawa tarishi wa supu kutoka kwa akina baba mlangoni. Ndipo akaja mke wa muuza vitambaa, mama wa mwili na sauti. Mkunga alikuwa amebanwa na wanawake wengine wawili. Mama mkwe akaanza, "Lakini huyu mgeni..." na yule mama akapiga kelele wodi nzima ikasikia: "Yeyote mwenye mikono miwili aje!"

Nikaja. Matroni alisimama begani kwangu kama askari. Msichana, kilo tatu na nusu. Mama, nililia kabla ya mtoto kulia.

Tangu hapo mama mkwe huyo huyo amekuwa mpiga debe wangu koridoni. "Mikono yake ina joto," anawaambia. "Ya wale wengine ni barafu." Bibi mwingine alimkagua mjukuu wake vidole na masikio, kisha akanigeukia: "Hajachukua rangi." Nikamwambia, "Hapana, bibi, haiambukizi." Alicheka mpaka akanishika mkono asianguke. Wananiletea mayai yaliyopakwa rangi nyekundu, na miguu ya nguruwe iliyopikwa kwa tangawizi na siki, chakula cha mwanamke aliyejifungua. Ni kitamu sana. Wauguzi wenzangu sasa wananiita mzazi.

Mpaka leo ni watoto saba.

Mwanao mwenye mikono ya joto,
Wekesa


Kimilili
4 Januari 1999

Mwanangu,

Heri ya mwaka mpya. Sote wazima, na ng'ombe amezaa pia, bila kuuliza mama mkwe.

Siku ya Krismasi wajomba zako walinicheka mezani. "Tumempeleka China ili arudi na ukunga?" Nikamwuliza mkubwa wao, je, yeye alitoka kwenye gunia la mahindi? Meza ikacheka upya, na mara hii hawakukucheka wewe.

Nimempigia Kalista simu. Anasema fomu ije yenyewe, si nakala, kabla ya saa kumi jioni ya tarehe kumi. Hawezi kuongeza hata dakika. Umefikisha wangapi? Usisahau kula chako na wewe.

Mamako


Guangzhou
28 Januari 1999

Mama,

Salamu nyingi, na pole kwa kukaa kimya. Mwili ni mzima, moyo ndio una mambo. Barua hii anakuja nayo Macharia, Mkenya mwenzangu anayenunua nguo za jumla soko la Shahe. Ndege yake ni kesho, yangu ni Jumapili, maana siku hiyo kibali changu cha kukaa kinaisha.

Ni kumi na tisa, mama. Mwaka mpya wa huku unakaribia na Kangle, mtaa wetu huu wa cherehani, inahama. Washonaji wamefunga mizigo wakarudi mikoani kwao, na wenye mimba wameondoka nao. Tangu wiki iliyopita nakaa wodini nikitazama mlango kama mwenye duka asiye na wateja.

Juzi mchana, nimerudi chumbani kubadilisha nguo, mwenye nyumba wangu alinigongea: "Wekesa, shuka haraka!" Katika karakana iliyo chini ya chumba changu, mshona vifungo aitwaye Xiao Mei alikuwa amelala juu ya marobota ya kitambaa, na kichwa cha mtoto kimeshaonekana. Hapakuwa na wakati wa teksi. Kitovu kilikuwa kimemzunguka mtoto shingoni. Nilikilegeza taratibu, nikakipitisha juu ya kichwa kama unavyomvua mtu tai. Akatoka kimya. Nikamsugua mgongo, nikamsugua tena. Mafundi waliobaki walikuwa wamezima cherehani zote. Sijawahi kuisikia Kangle ikiwa kimya vile. Halafu akalia, na karakana nzima ikapiga makofi.

Matroni Liang alikuja mwenyewe akawakagua. Mama mzima, mtoto mzima. Tuliporudi hospitali akafungua fomu, akashika kalamu. "Ishirini. Nimekufundisha mimi, naandika."

Niliweka mkono juu ya karatasi. Fomu inasema "mbele ya macho yangu", naye hakuwepo. Ikija kujulikana, leseni yake ya miaka thelathini itapotea kwa ajili yangu. Nikamwambia, "Andika kumi na tisa." Alikasirika, akaniita punda, tena kwa Kikantoni, lugha anayoiweka kwa mambo ya moyoni. Halafu akaandika kumi na tisa, akapiga muhuri, akanimiminia chai kwa mkono wake. Wenzangu wanasema hajawahi kummiminia mwanafunzi.

Nakuja na kumi na tisa. Nisamehe, mama.

Wekesa wako


Nairobi
10 Februari 1999

Mama,

Shikamoo. Najua umekasirika kwamba nimekanyaga Kenya siku kumi sijafika nyumbani. Soma kwanza, ukali baadaye.

Bi. Kalista alihesabu mara mbili. "Mmoja ameenda wapi?" Nikamweleza habari za Xiao Mei, tangu mlango kugongwa hadi chai. Akasikiliza mpaka mwisho. "Huyo siwezi kumhesabu," akasema. Nikamwambia najua. Akachukua karatasi, akaniandikia barua ya kwenda hospitali moja ya wazazi hapa mjini. Kibali cha kuzalisha huko kilizunguka meza hadi meza kwa siku tisa. Kimetoka leo saa mbili asubuhi, siku ya mwisho.

Nilipofika, wodi imejaa hadi koridoni. Nikasimama mlangoni nikijiandaa kumbembeleza mama mkwe wa mtu. Mkunga mkuu, Bi. Clementina, akanitazama kuanzia viatu. "Umekuja kuzalisha au kupiga hodi? Vaa glavu."

Mama, wiki nzima Guangzhou nilimngoja mmoja. Hapa hadi saa nane nilikuwa nimepokea watatu! Bi. Clementina alitia sahihi mmoja. "Hao wawili," akasema, "ni wa kujifurahisha."

Fomu niliiweka mezani kwa Kalista saa tisa na dakika ishirini. Akapiga muhuri, akasema, "Nenda kasome." Mtihani ni Machi. Nakuja Ijumaa nikusalimu vizuri, kisha nirudi vitabuni.

Mwanao,
Wekesa


Kimilili
22 Mei 1999

Mwanangu,

U mzima huko Nairobi? Sisi wazima, mvua imetosha, maharagwe yamechanua.

Bahasha imekuja. Jina ni lako lakini sanduku la posta ni langu, kwa hiyo nimeifungua pale pale dirishani. Umefaulu. Nimesoma kwa sauti: jina lako lote, nambari ya leseni, na maneno "muuguzi na mkunga". Mkuu wa posta akauliza, "Ndiye yule mwanao daktari wa China?" Nikamwambia si daktari, ni mkunga. Nikalirudia neno hilo, ili na wale wa nyuma ya foleni wasikie.

Sista wa zahanati ya misheni ameiona karatasi. Utaanza kazi Jumatatu, tarehe thelathini na moja.

Jana alikuja mke wa Rotich, jirani yetu wa ng'ambo ya mto. Ana mimba ya mapacha, miezi minane, na tangu mwezi uliopita halali kwa hofu. Nikamwonyesha leseni. Hakuitazama hata kidogo. Aliuliza tu, "Mama Wekesa, anaogopa?" Nikamwambia anaogopa, lakini kazi anaifanya. Akashusha pumzi, akaomba chai, akanywa vikombe viwili.

Panda gari la Jumamosi. Nimeshamwahidi.

Mamako