Mkono wa Kushoto wa Irene

S.L.P. 63,
Same.
9 Oktoba, 2024.

Mpendwa dada Hedwiga,

Shikamoo dada. Kabla sijakuuliza hali, niruhusu nikueleze sauti moja iliyonikaa masikioni wiki nzima. Inaitwa makofi ya mvua. Watoto wa darasa la kwanza hupiga kiganja kwa kidole kimoja, kisha viwili, kisha vitatu, hadi mkono mzima, na wakifanya hivyo wote kwa pamoja ungeapa kwamba mvua inashuka kutoka mlima Shengena. Ni sauti nzuri sana. Siku hizi siwezi kuivumilia.

Haya, habari za Mpanda? Shemeji Wilson hajambo? Kifua cha Filipo kimepona? Nilimweleza Mama kwamba zahanati yenu imepata muuguzi wa pili, akashukuru, akasema labda sasa utalala. Yeye hajambo, isipokuwa magoti baridi ikizidi. Maharage yametoka vizuri na ndiva, bwawa letu la kumwagilia, haikukauka mwaka huu, kwa hiyo zamu za maji hazijagombanisha watu.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza. Husema, "Ernesta, punguza ukali," hata sijafika katikati. Safari hii soma mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Uliuliza Irene wako anajifunza nini shuleni, mtandao ukakatika. Nina jibu, kwa sababu darasa lake nimekuwa nikilifundisha mimi.

Wanajifunza kusimama kwa mshindo mmoja mgeni akiingia. Wanajifunza kuivuta shikamoo mpaka mgeni aweke mkoba chini ndipo waimalizie. Wanajifunza kujibu "ndiyooo" wakiulizwa kama wameelewa. Siku moja niliwauliza asubuhi, kabla sijafundisha chochote, na walikuwa wameelewa. Vitus, mtoto wa yule seremala wa njia panda, husoma ukurasa mzima wa kuku na vifaranga huku kitabu kimegeuka juu chini, kwa sauti ya mhubiri. Mwalimu Mkuu alimsikia kutoka dirishani akasema mtoto huyo atafika mbali. Sikubisha. Nimewaona waliofika.

Huyo Mwalimu Mkuu, Mwalimu Eliezeri, unamkumbuka kwa tai yake, anayoivaa hata siku ya kupalilia bustani ya shule. Kwake shule ni sebule. Kazi yake ni kuhakikisha mgeni hakai kwenye kiti kibovu. Mimi, kama ujuavyo, ni wa kujitolea tu. Shahada yangu imo sandukuni inangoja ajira, na barua ya kunithibitisha kwamba nilijitolea ni yeye wa kuiandika. Hilo hulitaja mara kwa mara, kwa upole, kama mtu anayekukumbusha kuchukua mwavuli.

Mwezi uliopita tulipata habari kwamba afisa wa elimu atatutembelea. Eliezeri akaingia darasani kwangu mwenyewe. Akawaambia watoto kwamba mgeni akiuliza swali, wote wanyooshe mikono, asibaki hata mmoja. Anayejua jibu anyooshe wa kulia. Asiyejua, wa kushoto. Mwalimu atachagua wa kulia, na mgeni ataona darasa zima linajua. Wakafanya mazoezi asubuhi baada ya asubuhi, katika saa za kusoma. Ndilo somo pekee mwaka huu ambalo darasa langu lote limefaulu.

Sasa mfikirie mwanao.

Mama, uliyemwachia amlee, alishamzoesha kula na kupokea kitu kwa mkono wa kulia, kwa sababu ya adabu. Lakini chaki Irene huishika kwa kushoto, na mkono unaoruka juu anapojua jambo ni wa kushoto. Na Irene anasoma, dada. Sisemi anakariri. Anasoma pakiti ya chumvi, anasoma maneno yaliyoandikwa kwenye vioo vya gari za Noah zinazopanda kutoka Same, anasimama mlangoni pa kanisa na kusoma matangazo ya ndoa mpaka watu wanampisha. Hakuna mwingine darasani anayeweza.

Nilimwambia Eliezeri kwamba huyu ni wa kushoto kwa kuzaliwa. Akacheka, akasema basi mazoezi yatamsaidia kunyooka. Nyumbani nikamfundisha Irene anyooshe wa kulia. Aliunyoosha, akautazama kama mkono wa mtu mwingine, akaushusha, akainua wake. Kwa hiyo kila siku swali likiulizwa yeye alikuwa wa kwanza, na kila siku Eliezeri alimruka. Wenzake walianza kumpungia vidole hewani, wakimwambia ashushe bendera.

Afisa alikuja saa nne na kwanza akala. Wali na kuku vilikuwa vimeandaliwa tangu alfajiri na akina mama wale wale ambao watoto wao hawana madaftari. Kisha akaingia darasani, akaandika ubaoni: Babu anamwagilia tangawizi. Akauliza nani atasoma. Mikono yote ikapanda, na wa Irene mbele ya yote. Eliezeri alinitazama ili nichague vizuri. Nikamwita Irene.

Alisimama. Alifungua mdomo, na najua alikuwa ameshaisoma sentensi yote, kwa sababu namjua anavyofumba jicho moja akimaliza. Lakini Vitus alimwahi.

"Mwalimu, huyo hajui! Kanyoosha wa kushoto."

Darasa likacheka. Mwingine akaongeza, kwa kutaka kumsaidia mgeni, "Wanaojua ni wa kulia tu." Irene aliutazama mkono wake, akauweka nyuma ya mgongo. Eliezeri aliangalia viatu vyake. Mimi nilisimama pale nikingoja aibu iingie. Nilidhani sasa, angalau leo, mtu mzima mmoja humu ndani ataona aibu.

Afisa alicheka mpaka akavua miwani.

"Kumbe bado mnaitumia mbinu hii?" akamwuliza Eliezeri. "Sisi ndiyo iliyotuvusha wakati nafundisha."

Wakacheka wote wawili, wakapigana mabega kama waliosoma pamoja. Kisha afisa akawaambia watoto wampe Irene makofi ya mvua kwa ujasiri wa kusimama. Wakampa. Kidole kimoja, viwili, vitatu. Mtoto anayejua kusoma alisimama katikati ya ile mvua, akipigiwa makofi kwa kutosoma. Kwenye kitabu cha wageni afisa aliandika kwamba darasa ni changamfu.

Jioni Eliezeri aliniita akasema nimeivunjia shule heshima, na kwamba kwa jinsi Irene alivyoshindwa mbele ya mgeni, mwakani atarudia la kwanza. Akaenda pia kumshauri Mama, kama mzee wa kanisa, kwamba mtoto azoeshwe kuandika kwa kulia. Mama akamwamini. Akachana kipande cha kanga na kuufunga mkono wa kushoto wa Irene kila alipokaa kuandika. Alifanya kwa upendo kabisa, dada, akimwimbia huku anafunga fundo. Simlaumu sana Mama. Yeye alifundishwa kumwamini mtu mwenye tai.

Siku ya tatu nilimkuta Irene jikoni anachambua maharage. Nikamsogezea pakiti ya chumvi, nikamwomba anisomee kama zamani. Hakuigusa.

"Mama mdogo," akasema, "mimi ni wa kushoto."

Hakulia. Alisema hivyo kwa utulivu, kama mtu anayetaja ukoo wake, kisha akaendelea na maharage.

Nimekaa na maneno hayo muda mrefu. Nilitafuta hasira ndani yangu nisiione. Nadhani hasira humwekei mtu ila kama unatarajia atabadilika. Kwa Eliezeri na yule bwana wa miwani nimebaki na dharau tupu, na naona aibu kidogo jinsi inavyonipa nguvu ya kuamka asubuhi. Wamekuwa na watoto maisha yao yote ya kazi, na katika miaka yote hiyo hawajapata hamu ya kujua hata mmoja wao anafikiri nini. Wangeweza kufuga kuku wa mayai. Kuku nao husimama mgeni akiingia.

Utasema nina kiburi. Ninacho. Kingekuwa kidogo kama Irene asingekuwa na miaka saba tu na tayari ameshajua yuko upande upi wa watu.

Mpe Filipo busu langu shavuni. Mwambie shemeji Wilson kwamba redio aliyomletea Mama inafanya kazi na majirani hawana raha. Shangazi Blandina wa Bombo anakusalimu sana. Anasema umemsahau. Hivi ninavyoandika yuko mbele yangu anamenya ndizi, na hapo utauliza ninafanya nini Bombo katikati ya muhula.

Nimemhamisha Irene. Nilikwenda kwa Eliezeri kuomba karatasi ya uhamisho, na sijawahi kumwona akitia saini kitu haraka hivyo. Akaniuliza, kwa ule upole wake, kuhusu barua yangu ya kujitolea, kama bado nitaihitaji. Nikamwambia akae nayo. Mama alitufungia makande ya njiani, ya kutosha watu wanne. Jumatatu nilimpeleka Irene shule ya huku, na mbele yake nikamwambia mwalimu, Bi Salama, kwamba mtoto huyu anaandika kwa kushoto na anajua kusoma. Bi Salama akasema vizuri, akamtafutia nafasi pembeni upande wa kushoto wa dawati ili asigongane viwiko na mwenzake. Bado hajasoma kwa sauti. Siwezi kukuahidi ni lini. Mimi nalima na shangazi, na jioni nakaa naye. Sikukuomba ruhusa kwa sababu ungeniambia tusubiri mwaka uishe, na nilishaamua hatutasubiri.

Mungu akulinde katika zamu zako, awape wagonjwa wako nafuu na wewe usingizi.

Wako akupendaye, hata ukikasirika,
mdogo wako,
Ernesta.