Namba ya Pili ya Maman

Jumamosi. Mvua imeanza kabla ya saa sita na haina haraka ya kuacha. Kamembe yote, huku Rwanda, ni matope, nami nimejifungia chumbani nikisingizia kazi.

Nina aibu. Niiseme kwanza, kabla sijaanza kuizungukazunguka.

Mnaonisoma hapa mnaijua ile programu niliyowatengenezea kina mama wa ushirika wetu, wale wanaovuka kila asubuhi kwenda kuuza nyanya na samaki wadogo wa sambaza Bukavu, upande wa Congo. Vita vikisogea, au mpaka ukitaka kufungwa, inawatumia ujumbe warudi upesi. Wiki iliyopita niliufanyia usafi ukurasa wa mipangilio. Ulikuwa umejaa vitu, mtu akiufungua anachoka. Nikaacha jina, lugha na namba moja ya simu. Namba ya pili nikaifuta.

Ukapendeza kweli. Nikauona kama kazi ya watu wa Kigali, kichwa kikavimba. Maman, mama yangu mzazi, naye ni mmoja wa hao wanaovuka, alikuwa wa kwanza kuujaribu kwenye simu yangu. Alibonyeza "Hifadhi" kwa kidole chake mwenyewe, akacheka kwa furaha.

Sasa, nani asiyejua hapa kwetu? Wakifika darajani pale mpakani wanatoa kadi ya simu ya Rwanda, wanaifunga kwenye pindo la kitenge, wanaweka ya Congo, ile ya namba ya pili. Simu zao ndogo hazipokei kadi mbili. Mimi nimekulia Bukavu, kadi nimezibadilisha pale pale mara ngapi. Siwezi kusema sikujua.

Nilijua.

Jumatano risasi zikalia ng'ambo. Onyo likaenda kwenye namba za Rwanda, yaani kwenye mapindo ya vitenge. Wengi waliona watu wanakimbia, nao wakakimbia. Maman alikuwa ndani kabisa ya soko, na alipofika mpakani, mpaka ulikuwa umeshafungwa. Akahifadhiwa na watu asiowajua, na huku nyumbani hatukujua kama yu hai. Amerudi jana, miguu imevimba.

Leo asubuhi ushirika ulikutana. Kina mama walikuwa na hasira, wanauliza ujumbe ulipotelea wapi. Maman akasimama mbele yao.

"Mutoto wangu hana kosa," akasema. "Ni miye nilifinya ile 'Hifadhi' mubaya, manamba yote ya Congo ikapotea. Munisamehe."

Hakuwa ananifichia kosa. Anaamini kabisa kwamba kidole chake ndicho kilichofuta. Mmoja akamwambia wazi kuwa wazee waache kuchezea vitu wasivyovijua, na Maman akaitikia, "Ndiyo, uko sawa." Mimi nilikuwa nyuma yake, naangalia viatu vyangu. Nilijiambia nitamweleza tukifika nyumbani. Tulipofika nyumbani nikajifungia humu.

Nimeirudisha namba ya pili mchana huu. Kazi yenyewe ni fupi kuliko kuchemsha chai. Muda si mrefu yule yule aliyemgombeza Maman akanitumia ujumbe: "Asante kutengeneza kosa ya mama yako."

Nimeusoma na machozi yakanitoka. Jumatatu, ushirika ukikutana tena, nitamjibu mbele ya wote, nikiwa nimesimama.

Maman ananiita sasa, foufou, ugali wetu wa muhogo, iko tayari, na najua kipande kikubwa cha samaki amekiweka upande wangu. Naenda. Nitamwambia kabla sijanawa mikono.